Muhogo mchungu wa maabara: jinsi mirija nano ya kaboni inavyoandaliwa kubeba dawa mwilini

Tangu enzi za chanjo za Uviko-19, neno "nano" lina sifa mbaya kwenye makundi ya WhatsApp. Klipu moja inadai sindano zina mirija ya kaboni inayojiunga mwilini kama nyaya za umeme. Nyingine inadai mirija hiyohiyo ni tiba ya saratani inayofichwa. Ya tatu inasema ni asbesto mpya, itatuua kama ya zamani. Kila moja imeokota kipande cha ukweli mahali fulani, ikakishonea nguo isiyo yake.

La chanjo linaisha haraka. Chanjo za mRNA za Pfizer na Moderna hubebwa na vitone vya mafuta vyenye kipenyo cha takriban nanomita 100. Ni mafuta, wala hamna mirija ya kaboni humo. Na mpaka sasa hakuna dawa hata moja ya binadamu iliyoidhinishwa ambayo inabebwa na mirija ya kaboni. Inachunguzwa, inajaribiwa kwa panya na kwa seli kwenye sahani za maabara, basi.

Hayo mengine mawili, tiba na asbesto, ndiyo yenye kazi, kwa sababu yote mawili yana msingi. Kuuliza "je, mirija ya kaboni ni sumu?" ni sawa na kuuliza "je, muhogo ni sumu?" Mtu wa pwani anayekula muhogo wa nazi kila Ramadhani atakushangaa. Mtu wa Kahemba, kusini-magharibi mwa Kongo, hatakushangaa hata kidogo, maana huko watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo unaoletwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa pupa, siku za kuloweka zikiwa zimepunguzwa. Zao ni moja. Aina yake, kumenya, kuloweka na kuanika ndivyo vinavyoamua kama ni chakula au ni sumu. Mirija ya kaboni iko hivyohivyo, na habari yake yote ni habari ya maandalizi.

Ni kitu gani hasa

Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Sasa fikiria karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja tu, atomu zake zimepangwa pembe sita-sita kama sega la nyuki. Karatasi hiyo huitwa grafini; zikirundikwa nyingi pamoja unapata grafiti, ile nyeusi iliyo katikati ya penseli. Ikunje kama jamvi mpaka kingo zikutane na kushikana, umepata mrija nano. Wenye ukuta mmoja huwa na kipenyo cha nanomita 1 hadi 2. Mingine imeingiana kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Hiyo ni mirija ya kuta nyingi, na huweza kufika nanomita 50 au kupita hapo. Unywele wa kichwani una nanomita 80,000 hivi. Mrija wa ukuta mmoja ungekuwa na unene wa mrija wa kunywea soda, milimita 5, basi unywele ungekuwa na unene wa mita 400: viwanja vinne vya mpira vikifuatana kwa urefu.

Bila shaka hakuna anayeikunja kwa mkono. Gesi yenye kaboni hupitishwa kwenye tanuri juu ya vipunje vya chuma, nikeli au kobalti. Kaboni huyeyukia ndani ya kipunje, kisha huota kutoka humo kama unywele kutoka kwenye ngozi. Uvumbuzi huu ulipata umaarufu mwaka 1991 kupitia Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC ya Japani, ingawa nyuzi za namna hiyo zilikuwa zimeshapigwa picha kwa darubini ya elektroni katika Urusi ya Kisovyeti mwaka 1952. Vikumbuke vile vipunje vya metali. Vitatusumbua mbele.

Mrija huu si mashine. Hauna betri, hauna antena, haupokei amri kutoka popote. Ni kaboni iliyopangwa kwa namna yake. Wapo wanaoteleza upande wa pili na kusema kaboni ni kaboni, mbona hospitali humnywesha mkaa mtu aliyekula sumu? Kweli humnywesha. Lakini mkaa ule hubaki kwenye tumbo na utumbo, kisha hutoka na choo. Hauingii kwenye damu, na chembe zake hazina umbo la sindano. Almasi nayo ni kaboni, na masizi ya jikoni vilevile. Kinachotofautisha ni umbo.

Kinachowavuta watu wa dawa

Chukua doksorubisini, dawa nyekundu ya saratani inayotumika duniani kote kwa miongo mingi. Inaua seli za saratani vizuri, ila haichagui: ikirudiwa-rudiwa huumiza misuli ya moyo, ndiyo maana daktari hujumlisha dozi zote alizowahi kupewa mgonjwa na kuna kikomo ambacho haruhusiwi kukivuka. Ikipatikana chombo cha kuibeba mpaka kwenye uvimbe na kuifungulia hapo, moyo unapumua.

Mrija wa kaboni una sifa mbili zinazofaa kazi hiyo. Ya kwanza ni nafasi. Mrija wenye ukuta mmoja hauna "ndani" ya kaboni iliyofichwa. Kila atomu iko juu ya uso. Kwa hesabu ya nadharia, gramu moja ina eneo la takriban mita za mraba 1,300, yaani viwanja vitatu vya mpira wa kikapu. Molekuli ya doksorubisini ni bapa, nao ukuta wa mrija ni bapa. Zinabandikana kama chapati juu ya chapati bila gundi yoyote. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2007 kuwa gramu moja ya mirija iliyovishwa vizuri inaweza kupakiwa gramu nne hivi za dawa. Vitone vya mafuta havifiki huko.

Ya pili ni mlango wa kushushia mzigo. Damu ina pH ya 7.4 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), na hapo dawa hubaki imebandika. Mrija ukishamezwa na seli hufikishwa kwenye vifuko vyenye ukali wa asidi, pH 5 hivi. Huko molekuli ya doksorubisini hupata chaji, ikapenda maji kuliko ukuta, ikabanduka. Hakuna ufunguo uliotengenezwa. Ni kemia ya kawaida inayofanya kazi mahali panapotakiwa.

Asbesto: nusu ya habari iliyoachwa

Hofu ilipata uzito mwaka 2008. Watafiti wa Edinburgh, Ken Donaldson akiwa mmoja wao, waliwadunga panya mikrogramu 50 za mirija ya kuta nyingi ndani ya uwazi wa tumbo, ambao utando wake ni ndugu wa ule unaofunika mapafu. Mirija mirefu iliyonyooka ilileta uvimbe na vinundu ndani ya siku saba, sawasawa na asbesto ndefu. Mirija mifupi, na ile iliyojisokota, haikufanya hivyo. Mwaka huohuo kundi la Japani liliripoti mesotelioma, saratani ya utando huo, katika panya waliokuwa wamebadilishwa jeni ili wawe wepesi kupata saratani. Vyombo vya habari vilibeba habari ya mirija mirefu. Ile ya mirija mifupi ilibaki kwenye makala za kitaalamu, na kwa mtu anayetaka kutengeneza dawa hiyo ndiyo yenye thamani.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka vizuri. Mwilini kuna seli za ulinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Tuziite seli walaji. Upana wa mmoja ni mikromita 10 hadi 20 (mikromita moja ni nanomita 1,000). Mpe kipande cha nyama, atakimeza, atafunga mdomo, atakimeng'enya. Mpe kijiti cha mshikaki kilichonyooka chenye urefu wa mikromita 20 au zaidi, atakianza, kitamtokea upande wa pili, mdomo hautafungika. Lakini vimeng'enya vikali vya kusagia chakula alishaanza kuvimwaga, navyo humwagikia nje kwenye nyama ya mwili. Anaita wenzake waje kusaidia, nao wanakwama vilevile. Uvimbe usiokwisha, mwaka baada ya mwaka, ndio udongo ambamo saratani huota.

Kuna na tatizo la bomba. Utando wa mapafu una matundu ya kutolea majimaji, yenye upana wa mikromita chache tu. Chembe fupi hupita na maji. Ndefu hulala juu ya tundu, nyingine hujirundika juu yake, kama nywele zinavyoziba tundu la bafu. Kwa hiyo ile dhana kwamba kitu kikiwa kidogo zaidi ndivyo kinavyokuwa na hatari zaidi hapa imepinduka.

Urefu peke yake hautoshi kueleza yote. Ugumu nao una neno. Tambi mbichi hudunga, tambi zilizopikwa hujikunja. Utafiti wa Nagoya wa mwaka 2011 ulikuta mirija migumu yenye kipenyo cha nanomita 50 hivi ndiyo iliyotoboa seli za utando na kudhuru zaidi, huku minene ya nanomita 150 na ile myembamba iliyojisokota ikidhuru kidogo kuliko hiyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, lilipokaa mwaka 2014 liliweka aina moja tu, MWCNT-7, katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Nyingine zote lilisema ushahidi hautoshi kuziainisha. Aina hiyo moja ni ya kuta nyingi, imenyooka, ni ngumu. Hakuna mtengeneza dawa mwenye akili timamu anayeanza nayo.

Kuondoa chuma

Sasa turudi kwenye vile vipunje. Poda ghafi ya baadhi ya mirija hutoka tanurini ikiwa na chuma kinachofikia robo ya uzito wake. Chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli hutengeneza kila siku kwa kazi zake, huzaa chembechembe zinazounguza kila kitu jirani: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata DNA. Nikeli na kobalti nazo zina madhara yake. Sehemu kubwa ya "sumu ya mirija" iliyoripotiwa katika miaka ya mwanzo ilikuwa sumu ya metali hizi.

Mtu atasema: ichovye kwenye asidi ya haidrokloriki, chuma kitayeyuka. Kitayeyuka kile kinachofikiwa. Vipunje vingi vimefunikwa na ganda la kaboni, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na asidi haivigusi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupasha poda moto hewani taratibu, nyuzi 200 mpaka 400 hivi kwa hatua, maganda yapasuke. Hapo ndipo asidi inafuata, kisha kuosha kwa maji mpaka pH irudi ya kawaida, na mara nyingi mzunguko huo hurudiwa. Ukipasha haraka, chuma chenyewe huwa kichocheo cha moto, na mirija yako inaungua pamoja na takataka.

Kupima kama umefaulu ni rahisi: choma miligramu chache hewani mpaka nyuzi 800. Kaboni yote huondoka kama gesi, majivu ya oksaidi hubaki. Wengi hukosea hapa kwa kusahau kuwa majivu yana oksijeni ndani yake. Miligramu 10 zikiacha miligramu 1 ya majivu mekundu, chuma ni miligramu 0.7, yaani asilimia 7, na kwa kitu cha kuingizwa kwenye mshipa hiyo bado ni nyingi mno.

Kukata na kuvisha

Mirija hupikwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfuriki sehemu tatu na asidi ya nitriki sehemu moja, huku mawimbi ya sauti ya masafa ya juu yakiutikisa. Asidi hushambulia mahali palipo dhaifu, mrija ukakatika, na kwenye ncha na majeraha huota vikundi vya kaboksili vinavyopenda maji. Kwa matumizi ya kwenye damu hulengwa urefu wa chini ya nanomita 300. Muda ukiwa mfupi, mirefu hubaki na poda haikubali maji. Ukizidi, ukuta hutoboka-toboka na nusu ya mali humwagwa na maji ya kuoshea. Tena asidi huacha vipande vidogo vya kaboni iliyoungua vikiwa vimegandamana na mrija. Visipooshwa kwa sodiamu haidroksaidi, vazi litakaloshonwa baadaye litashonwa kwenye takataka, na takataka ikibanduka vazi linaenda nayo.

Kuhusu urefu, wastani unadanganya. Poda yenye wastani wa nanomita 250 inaweza kuwa na mirija michache ya mikromita 20, na hiyo michache ndiyo inayokwamisha seli walaji. Chujio la mikromita 0.22 si dawa, maana kitu chembamba hivyo huweza kupita kwa ncha. Njia ya uaminifu ni kuketi na darubini ya elektroni, kuhesabu mamia ya mirija mmoja mmoja, na kuripoti ile mirefu kabisa. Ripoti inayotaja wastani tu, iache.

Kuvisha ndiko kunakobadilisha tabia ya mrija kuliko hatua nyingine yoyote. Mrija ulio uchi unachukia maji. Ukiutia kwenye damu, mirija hukumbatiana na kuwa mafungu kama matita ya kuni, na fungu la mirija mifupi tayari ni kijiti kirefu na kigumu. Zaidi ya hapo, protini za damu huukimbilia na kuufunika. Baadhi yake ni zile zinazopiga kengele ya kinga, nyingine huamsha chembe za kugandisha damu.

Njia ya kwanza ya kuvisha ni ya kubandika. Huchukuliwa molekuli yenye mkia wa mafuta na kichwa kirefu cha PEG, plastiki laini inayopenda maji ambayo imo pia kwenye dawa nyingi za kawaida. Mkia hujilaza kwenye ukuta wa mrija, kichwa kinaelea kwenye maji. Kutengeneza ni kutikisa kwa sauti kwa muda wa saa moja hivi, kisha kuzungusha kwa mashine ya kasi kubwa ili mafungu yatuame, na kutumia majimaji ya juu pekee. Faida yake ni kuwa ukuta haujeruhiwi. Ubaya ni kuwa kilichobandikwa hubanduka: damuni protini huvuta mikia mmoja mmoja mpaka mrija unabaki uchi katikati ya safari. PEG yenye matawi hushika kwa muda mrefu kuliko iliyonyooka. Na wapo watu ambao damu yao tayari ina kingamwili dhidi ya PEG.

Njia ya pili ni ya kushona: vazi linafungwa kwa kifungo halisi cha kemia kwenye atomu za kaboni. Halitelezi. Jaribio linaloonyesha uzito wa jambo hili lilichapishwa mwaka 2013 na kundi la Kostas Kostarelos wa London pamoja na wenzao wa Strasbourg na Trieste. Walichukua mirija mirefu, ya aina ileile inayofanya kama asbesto, wakaigawa makundi. Moja lilishonewa minyororo mifupi inayopenda maji. Mirija ikaachana, mafungu yakafumuka, na urefu unaohisiwa na seli ukapungua. Panya waliodungwa kundi hilo la mirija tumboni hawakuonyesha uvimbe wa kiasbesto. Kundi jingine lilishonewa minyororo ya kimafuta. Hili lilidhuru karibu sawa na mirija iliyo uchi. Kwa hiyo mtu akikwambia mirija yake "imefanyiwa kemia ya usalama," muulize vazi ni la nini, maana lipo vazi lisilosaidia chochote.

Kisha hupakiwa dawa: huchanganywa na mirija iliyovishwa, usiku kucha, kwenye maji ya pH 8 hivi ili doksorubisini ibandike vizuri, halafu huoshwa juu ya chujio mpaka maji yanayotoka yaache kuwa mekundu. Hatua hii ya kuosha hupuuzwa sana. Dawa iliyobaki ikielea bila kubebwa itaua seli vizuri sana kwenye jaribio, na sifa itapewa mrija.

Vipimo vinavyodanganya

Kipimo maarufu cha kujua kama seli ziko hai hutumia rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Rangi nyingi, seli hai nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa Karlsruhe walionyesha kuwa mirija ya kaboni huzishika zile fuwele zisiyeyuke. Mashine husoma rangi ndogo na kutangaza kuwa seli zimekufa, nazo ziko hai zinaendelea na maisha. Kipimo kingine chenye rangi inayoyeyuka kwenye maji hakikuona vifo hivyo. Tangu hapo, utafiti unaotegemea kipimo kimoja tu cha rangi hautakiwi kuaminiwa, uwe unasema mirija ni salama au ni sumu.

Mtego wa pili ni mabaki ya bakteria. Uso mpana namna ile hunasa kila kitu, pamoja na vipande vya kuta za bakteria kutoka kwenye maji au vyombo. Vipande hivyo huleta homa na uvimbe kwa kiasi kidogo sana. Poda isiyopimwa mabaki hayo itaonekana ina sumu ambayo si yake.

Inatokaje mwilini

Hili ndilo swali ambalo wasomaji wengi huuliza kwanza, na wana haki. Mfupa wa jibu ni kwamba inategemea vazi. Matundu ya chujio la figo yana upana wa nanomita chache, kwa hiyo kitu chenye urefu wa nanomita 200 hakikutarajiwa kupita. Lakini majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta mirija iliyoshonewa vizuri na kuachana moja moja kwenye mkojo baada ya saa chache. Hujigeuza kwa ncha na kupita kama uzi kwenye tundu la sindano. Ile iliyovishwa PEG huzunguka damuni muda mrefu, hukusanyika kwenye ini na bandama, na kutoka kidogo kidogo kupitia nyongo na choo. Stanford walikuta sehemu kubwa imeondoka kwa panya baada ya miezi miwili hivi. Mafungu yasiyofumuka hubaki kwenye ini na mapafu.

Je, inaweza kumeng'enywa? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana, kaboni hii haiozi. Mwaka 2010 kundi la Valerian Kagan wa Pittsburgh na wenzake lilionyesha vinginevyo. Seli nyeupe ziitwazo nyutrofili zina kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya haipoklorasi, ndugu wa karibu wa kile kinachong'arisha nguo ndani ya Jik. Kimeng'enya hicho huitafuna mirija, na mabaki yake yalipowekwa kwenye mapafu ya panya hayakuleta uvimbe. Sharti ni moja: ukuta uwe na majeraha ya kaboksili pa kuanzia kutafuna. Mirija isiyo na dosari karibu haiguswi. Hapa kuna mvutano wa kweli ambao haujapata suluhu safi. Ukuta mzima hubeba dawa vizuri zaidi lakini hukaa mwilini. Ukuta uliotobolewa huoza upesi lakini hubeba kidogo. Anayeahidi vyote viwili kwa pamoja anauza kitu.

Mbona basi haijafika hospitalini

Kikwazo kimoja hakihusu sumu kabisa. Mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti za miaka kumi za chembe nano za kila aina ulikuta kuwa kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi iliyodungwa ndiyo hufika kwenye uvimbe. Iliyobaki huishia sana kwenye ini na bandama. Kwa chombo cha mafuta kinachoyeyuka, hasara hiyo inavumilika. Kwa chombo cha kaboni kinachokaa wiki kadhaa, zaidi ya 99 kati ya kila 100 viko mahali ambapo hakuna kazi, na msimamizi wa dawa atauliza vinafanya nini huko. Wakati huohuo doksorubisini iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta imekuwa sokoni Marekani tangu 1995. Mgeni anatakiwa amshinde mwenyeji ambaye tayari anaaminika.

Kingine ni kurudia. Kidonge cha leo na cha mwakani lazima viwe sawa. Mirija ya tanuri moja hutofautiana kwa urefu, kipenyo na mpangilio wa atomu, na mipiko miwili ya asidi haitoki na majeraha sawa. Mwaka 2019 shirika la ChemSec la Sweden liliweka mirija yote ya kaboni kwenye orodha yake ya kemikali hatari zinazofaa kuachwa na kubadilishwa na nyingine. Wanasayansi kadhaa, Kostarelos akiwa mmoja, wakajibu kuwa kuiweka yote kapu moja hakuna msingi wa kisayansi. Wana hoja. Lakini kama mtengenezaji hawezi kuthibitisha kuwa chupa ya pili ina kitu kilekile cha chupa ya kwanza, yeye mwenyewe anawapa wapinzani kapu.

Kwa sasa anayekabiliwa na hatari ya kweli si mgonjwa. Ni mwanafunzi au fundi anayefungua chupa ya poda kavu. Poda hiyo ni nyepesi kuliko unga wa ngano uliochekechwa. Kifuniko kikifunguliwa kwa nguvu, inapaa. Ni sawa na paa za asbesto zilizobaki kwenye majengo mengi ya zamani ya Afrika Mashariki: bati lililo zima halina hatari kama linalokatwa kwa msumeno, kwa sababu kinachoua ni vumbi linalovutwa puani. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2013 kikomo cha mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku ya kazi ya saa nane.

Kwenye benchi la maabara kikomo hicho kina maana hizi: pima poda ndani ya kabati lenye kuvuta hewa na chujio laini, na si mezani karibu na feni. Ilowanishe mapema, maana ikiwa ndani ya maji haipai. Barakoa ya kitambaa au ile ya upasuaji haizuii. Inatakiwa ya daraja la FFP3 iliyokaza usoni, na ndevu zinaipa hewa njia ya pembeni. Ikimwagika usishike ufagio wala usipulize. Futa kwa kitambaa kilicholowa, tia kitambaa kwenye mfuko, funga, tia mfuko huo ndani ya mwingine, andika juu yake ni nini, na upelekwe kuchomwa kwenye tanuri la taka hatarishi pamoja na glavu ulizovaa.